Mashua Isiyozama

Niliandika kwenye wiki, ukurasa wa mtandaoni ambapo wachezaji wa mchezo wetu wa simu huandika maelezo yake, kwamba mashua nyeupe haizami kamwe, nikataja faili la data la mchezo wenyewe kuwa chanzo. Kijana mmoja wa Isangi akasahihisha: "Ndeko, ndugu yangu, kwangu inazama." Nikafuta maneno yake, nikamwita mwongo mbele ya wachezaji wote. Akajitoa.

Mimi, nisiyevumilia hata nukta iliyokosewa!

Jana msimamizi wa wiki aliniomba faili. Nilimtumia kwa majivuno. Akajibu: "Bon, haya, papa chanzo, baba wa vyanzo, kando ya namba za mashua umeandika, 'Isizame, Neema analia.' Neema ni nani?"

Ni mdogo wangu. Alipofika kwangu Mangobo akikimbia vita, alilia kila mashua ilipozama mchezoni. Nilibadilisha faili lililo kwenye simu yangu kwa mkono wangu, nikasahau.

Nimemwomba radhi yule kijana. Maneno yake nimeyarudisha kwenye wiki.