Homa Iliyobaki Katika Pipa la Bavon

Saa kumi na mbili asubuhi, mtaa wa Mangobo, Kisangani. Karima Feruzi amepiga magoti kando ya pipa la buluu, mpira mwembamba uliounganishwa na kichupa mdomoni. Mbu mweusi mwenye madoa meupe anatua ukingoni. Karima anavuta pumzi kidogo, na mbu yumo ndani ya kichupa hicho.

Kazi yake ni kukamata mbu wa homa ya dengi na kuwapeleka maabara wapimwe. Ameifanya miaka tisa na si mwoga, lakini uwanja huu unamsisimua mwili. Hakuna anayefagia karibu na pipa hili, wala anayechota.

Lilijazwa na Bavon, mvuvi wa maporomoko, asubuhi ileile aliyoshikwa na homa. Hakurudi kutoka hospitali. Mjane wake, Nadège, aliapa kwamba maji yale hayataguswa mpaka matanga yaondolewe, na kwa desturi ya ukoo wao huo ni mwaka mzima. Karima naye, aliyelelewa kuheshimu msiba wa watu, alikuwa akikamata mbu wake na kwenda zake bila kumwaga tone.

Kisha maabara ikaleta habari. Virusi vya dengi, Karima anaeleza, vina maandishi yake. Vikihama kutoka kwa mtu kwenda kwa mbu, na kwa mbu kwenda kwa mtu, herufi moja moja hubadilika, na wataalamu huzifuata kama wanaofuata ukoo. Damu ya Bavon ilikuwa na alama ambayo haikuonekana kwa mgonjwa mwingine yeyote waliyempima. Sasa imeonekana kwa mbu wa pipa hili, na juu yake imeongezeka alama nyingine, mpya: virusi bado vinahama.

"Nilisikia baridi mu mugongo," anasema. "Tulizika mutu, lakini homa yake iko inakomaa."

Na yupo Glodie, binti wa Nadège, ambaye mwaka juzi aliugua dengi ya aina nyingine. Akiugua dengi mara ya pili, kwa aina tofauti, homa inaweza kuwa kali hadi kuua. Kila asubuhi msichana huyo hufua nguo hatua chache kutoka kwenye pipa.

Leo Karima hawezi tena kunyamaza.

"Mama Glodie, ile homa yenye iliua papa Bavon haikufa na ye. Iko inaishi hapa kwenu, na mutoto iko karibu."

Nadège anashika ukingo wa pipa.

"Maji hii alijaza na mikono yake. Nikiimwanga, nitabakia na nini ya kwake?"

Karima anamtazama tu Glodie anayefua, na Nadège anayafuata macho yake. Ndipo mjane anainuka, anakataa kusaidiwa, analiangusha pipa huku akilia kwa sauti. Maji yanatambaa mchangani pamoja na viluwiluwi vinavyojipinda. Karima anasugua kuta za ndani ili mayai yasibaki.

Mbu mmoja anatua kwenye mkono wa Nadège. Mjane hampigi. Anamtazama kama mtu anayemjua, mpaka Karima anapomfunika kwa kichupa.

Huyo atakwenda maabara leo hii.

"Wakiniambia hana alama ya papa Bavon," anasema Karima, "nitarudia hapa, tuikale na mama Glodie, tumulilie bwana yake bila woga."