Penseli ya Mama wa Kiti cha Mbele

Darasa zima la kompyuta lilimjua kama mama wa kiti cha mbele. Kila asubuhi alifika akitoka zamu ya usiku, mikono ikinukia sabuni ya nyumba ya wazee alikofanya kazi, akachonga penseli na kuandika programu yote daftarini kabla ya kugusa kompyuta. Kisha kidole kikashuka mstari kwa mstari, midomo ikichezacheza. Natasha, binti wa Wakenya aliyezaliwa hukuhuku ughaibuni, Harrow, alikaa pembeni yake akijifanya hamwoni. Lakini siku ile programu ya Natasha iligoma, na zilibaki dakika ishirini za kuwasilisha kazi. Yule mama akasogeza kiti, akapitisha kidole kwenye skrini, kikasimama.

“Hapa inazunguka tu, mwanangu. Hujaiambia ikome lini.”

Natasha akamuuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, ameonaje upesi hivyo.

“Shuleni kwetu Busia kompyuta ilikuwa moja, sisi sitini. Dakika tano kwa wiki, mengine yote daftarini. Ukikosea, basi, mpaka wiki ijayo.”

Natasha akarekebisha, akawasilisha, akafunga kompyuta yake.

“Auntie,” akasema, kwa Kiswahili cha kusitasita, “niazime penseli.”