Mashine ya Bi Miwani

Swali aliloulizwa lilikuwa lilelile la duka la kwanza na la pili, na muuzaji hata hakumtazama yeye. Alimtazama mume wake.

"Ni ya mtoto, mzee?"

Bi Miwani alikuwa amesimama mbele ya kaunta, mkoba kwapani, miguu ikimwaka moto kwa kuzunguka tangu asubuhi. Mume wake alikuwa nyuma yake, akisoma kwa makini karatasi ya dhamana ya friji ambayo hakuwa na nia ya kuinunua. Basi alijibu mwenyewe, kwa sauti ile anayoitumia kwa wateja wanaorudisha miwani waliyoikalia.

"Ni yangu. Ya kuchezea gemu. Mbio za magari."

Muuzaji alicheka, kisha akaona kwamba anacheka peke yake, akafunga mdomo.

Jina hilo la Bi Miwani alilipata kutokana na kazi yake. Duka lake ni chumba kimoja chembamba chenye benchi la kusagia lenzi, chati ya herufi ukutani na droo za skrubu ndogo ambazo zikidondoka sakafuni huna haja ya kuzitafuta. Ana miaka hamsini na ushei na mkono usiotetemeka. Ukimpelekea fremu iliyopinda ataipasha moto, ataikunja kidogo, atakuvalisha, atarudi nyuma akutazame usoni kama seremala anavyotazama mlango, halafu ataivua tena kwa sababu sikio lako la kushoto liko chini kuliko la kulia na wewe hukuwahi kujua. Mtu wa namna hiyo havumilii kitu kilichokaribia kuwa sawa. Ndiyo maana kutafuta laptop kulimkondesha.

Wa kulaumiwa, kama ni lazima alaumiwe mtu, ni mdogo wake wa mwisho. Nyumbani walimwita Kimya tangu utotoni, na si kwa mzaha. Alikwenda kufanya kazi nchi za baridi akiwa kijana, kwenye ghala la vyakula vilivyogandishwa, na huko akakaa. Mama yao alipofariki, hakuja kuzika. Hakutoa sababu. Kaka zake walisema mtu asiyemzika mama yake hana ndugu, wakaifuta namba yake, na wake zao wakaifuta pia ili wasionekane wana upande. Bi Miwani hakuifuta. Alimpigia simu, na kila alipopiga alijibiwa maneno yaleyale: "Salama, dada. Mzima. Haya." Kukamua maneno kutoka kwa Kimya kwenye simu ni sawa na kukamua jiwe.

Kisha siku moja ndugu huyo akauliza kama ana kompyuta. Alikuwa nayo, ile kuukuu ya dukani ya kuandikia risiti. Kimya akamtumia gemu ya mbio za magari, akamwelekeza kununua padi ya kushika mikononi, na Jumapili mchana, baada ya vyombo kuoshwa, wakaanza kushindana. Bi Miwani aligonga kila ukuta uliokuwepo na nyingine nadhani alizijenga yeye. Lakini Kimya, kupitia hedfoni, alizungumza. Jumapili hii alisema goti linamsumbua, ile akasimulia theluji ilivyomfungia mlango, nyingine akauliza ghafla kama kile kigoda cha mama cha jikoni bado kipo. Kila alipomkaribia mama, alirudi nyuma. Dada mtu hakumkurupusha. Alikuwa na haja moja tu kwa ndugu yule, kusikia kwa kinywa chake mwenyewe kwa nini hakuja, na alijua kwamba atakayemuuliza hatajibiwa.

Halafu wenye gemu wakaibadilisha. Toleo la zamani litafungwa mwisho wa mwezi, walitangaza, na toleo jipya lilipowekwa kwenye kompyuta ya risiti, iliunguruma, ikatoa harufu ya waya, ikaandika kwamba haina uwezo. Kimya alikwisha kuhamia kwenye jipya. Bila mashine mpya wangerudi kwenye "Salama, haya," na Bi Miwani aliapa kwamba huko harudi.

Hapo ndipo washauri walipozuka. Mume wake, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, alisema kompyuta ni kompyuta, kinachotofautiana ni bei na maringo. Wifi yake alimleta mwanawe, mwanamume mzima mwenye ndevu na sifa ya utaalamu, ambaye kila jioni alikuja kunywa chai na kueleza kwa nini ile aliyoisifu jana haifai tena leo. Alimtumia video za watu wanaopiga mayowe mbele ya kompyuta. Bi Miwani alizitazama zote, na alichojifunza ni kwamba watu wale wanahitaji kulala. Jirani yake muuza viatu alisema achukue nyembamba, kwa sababu nyembamba ndizo za kisasa. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameicheza gemu yenyewe.

Duka la kwanza walimwonyesha laptop nyembamba ya rangi ya waridi. Aliuliza upepo wa kuipoza unatokea wapi. Akaambiwa haipigi kelele kabisa. Akasema hakuuliza kelele. Akaambiwa inakuja na mkoba. Duka la pili walikuwa nayo ya gemu, ya kweli kabisa, ila gemu hawakuiweka, na hawakuruhusu iwekwe. Wakamfungulia video ya samaki wa rangirangi wakiogelea, wakamtaka astaajabu. Yeye, ambaye hajawahi kumuuzia mtu miwani bila kumsomesha herufi za ukutani, alitoka pale akisema peke yake barabarani. Mume wake alimfuata kwa mbali kidogo, kama mtu asiyemfahamu sana.

Sasa lilikuwa duka la tatu, na la tatu lilianza kwa kicheko. Lakini yule muuzaji, alipomaliza kuona aibu, aliuliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza.

"Gemu yenyewe ni ipi, mama? Na ya zamani ilikuwa inakwamia wapi?"

Bi Miwani nusura amkumbatie. Alimweleza kona inapoganda, milima inayochelewa kutokea, gari la mdogo wake linaloruka kutoka hapa hadi pale bila kupita katikati. Muuzaji alisikiliza, akatikisa kichwa kukubali, akaenda nyuma na kurudi na dude jeusi, nene, zito kama jiwe la kusagia, lenye feni mbili, matundu ya kutolea joto, na kibodi inayowaka taa nyekundu. Alieleza kwa kifupi: kadi yake ya picha ina nguvu, kumbukumbu ni ya kutosha, na kama siku moja haitatosha itaongezwa. Kisha akaiweka gemu palepale kaunta. Bi Miwani alikunja kona bila kugonga ukuta. Wateja wawili waliacha shughuli zao wakamtazama.

Mume wake alitaka kujua kama zile taa huzimika, maana wageni watadhani wamefungua baa. Alipoona chaja, ambayo ilikuwa na ukubwa wa tofali, aliishika, akaipima kwa mkono, akaguna. Lile guno Bi Miwani angelitilia maanani, mengi yangeepukika. Hakulitilia.

Jumapili iliyofuata aliketi mezani, akavaa hedfoni, akafungua gemu. Mashine ile mpya, nzuri, iliyomtoa jasho, ikaanza kujikokota. Katika gemu hiyo magari hayaondoki mpaka wote wawili wabonyeze kitufe cha kusema wako tayari, na huwezi kubonyeza mpaka uwanja ufunguke. Uwanja haukufunguka. Kamstari ka kuonyesha ulikofikia kalisogea kidogo, kakasimama, kakasogea tena kwa hisani yake. Bi Miwani alitukana kimoyomoyo kwa adabu zote alizolelewa nazo.

"Imefunguka?" aliuliza Kimya.

"Bado. Imenitia aibu hii."

Kisha Kimya akasema, "Dada, siku ile ya mama..." na hapohapo uwanja ukafunguka, mlio wa injini ukajaa masikioni, naye akakohoa. "Haya, twende."

Walikwenda. Gari la Bi Miwani liliruka kama chura kilema kuanzia mwanzo hadi mwisho, na yeye hakujali alishika nafasi ya ngapi. Alikuwa na hasira ya kuweza kuuma meza.

Asubuhi aliifungasha mashine, akaipeleka dukani na maneno aliyoyapanga njiani. Muuzaji aliichomeka ukutani, ikaruka kama swala. Akairudisha nyumbani, ikajikokota. Akaipeleka tena, ikaruka. Mara ya tatu muuzaji alimuuliza kwa unyenyekevu kama akicheza huwa ameichomeka kwenye umeme, kwa sababu aina hii ikitegemea betri hufanya kazi nusunusu. Bi Miwani alijibu kwamba yeye si mtoto, huichomeka kwa mkono wake mwenyewe kabla hajakaa.

Na ni kweli aliichomeka. Siku hiyo aliichomeka, akaenda jikoni kuchukua maji, na aliporudi alimkuta mume wake ameinama chini ya meza, plagi mkononi.

"Ilikuwa imejaa," alisema mzee yule bila wasiwasi. "Nimeipumzisha."

Kikulacho ki nguoni mwako. Katika nyumba ile hakuna kitu kinachoachwa kwenye umeme kikishajaa au kikishazimwa: si redio, si pasi, si televisheni, hata simu ya mgeni huchomolewa mgeni akiwa anaongea. Mwalimu ana imani kwamba kifaa kikinywa umeme kupita kiasi huvimbiwa. Kwa miaka yote ya ndoa alikuwa akipita nyuma ya watu akichomoa, na vifaa vyao vilidumu kweli, kwa hiyo hakuna aliyempinga. Siku hiyo alipingwa. Aliambiwa mengi, mengine hayakuhusu umeme hata kidogo. Alijitetea kwamba friji yao ni ya zamani kuliko ya mtu yeyote mtaani, na hilo lilikuwa kweli, na likamwongezea mkewe hasira. Mwishowe plagi ilifungwa ukutani kwa utepe wa gundi, na mzee akaapishwa kutoisogelea Jumapili.

Jumapili ikafika. Bi Miwani alibonyeza, na kabla hajakaa vizuri kitini uwanja ulikuwa umefunguka, milima imesimama mahali pake, magari yanang'aa.

"Imefunguka?"

"Imefunguka."

"Duh," alisema Kimya. "Haya."

Wakakimbia. Wakamaliza, wakafungua uwanja mwingine, ukafunguka papo hapo, wakakimbia tena. Mwenye gari mkononi haongei, anapumua tu. Bi Miwani alishinda mara mbili, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Kisha ndugu yake akasema, "Salama, dada. Umekuwa mkali. Haya, Jumapili," akakata.

Alibaki ameketi na hedfoni masikioni. Mume wake alichungulia mlangoni, akaona taa nyekundu, akasema sasa si unaona, mashine imekuwa nzuri. Bi Miwani alivua kandambili moja, akaishika, akaiweka chini. Hakuweza hata kukasirika vizuri. Alikuwa ametembea maduka matatu, amemnywesha chai mtaalamu mwenye ndevu, amegombana na mume wake mwema, yote ili aondoe kule kungoja. Na Kimya alikuwa akizungumza wakati wa kungoja tu. Goti, theluji, kigoda cha mama, vyote vilisemwa kompyuta ya risiti ikihangaika kufungua uwanja. Yeye ndiye aliyetafuta kwa bidii mashine isiyomwachia mtu nafasi ya kusema neno. Aliona uchungu, na uchungu huo ulimkaa wiki nzima. Akiwa dukani alimvalisha mteja lenzi ya kushoto kwenye jicho la kulia, kosa ambalo hakumbuki kulifanya tangu alipoanza kazi.

Jumapili iliyofuata alikaa, akabonyeza. Uwanja ulifunguka palepale. Ulikuwa ule wa pwani, barabara imelowa mvua, gari lake jekundu mbele kabisa, na injini ikimngurumia masikioni mwake peke yake.

"Imefunguka?" aliuliza Kimya.

Bi Miwani aliitoa padi mapajani, akaiweka mezani mbali na mkono wake.

"Bado," alisema.

"Si ulisema imepona?"

"Nilidhani. Leo imerudia mambo yake. Tusubiri tu."

Akasikia kiti cha ndugu yake kikilia, kama mtu anayejiegemeza. Kimya alisema kuhusu goti. Akasema kazini wamebadilisha zamu. Kisha akanyamaza kwa muda mrefu, na dada yake hakumsaidia.

"Nilifika uwanja wa ndege," alisema. "Siku ile ya mama. Nilikuwa na tiketi, na begi, na suti mpya. Nikakaa pale kwenye viti mpaka ndege ikaondoka." Akavuta pumzi. "Nilijiambia nisipoliona kaburi, basi bado yupo jikoni."

Bi Miwani alitazama gari jekundu chini ya mvua. Ilimbidi avue miwani ili aifute, na hata alipoivaa tena hakuona vizuri.

"Imefunguka?" aliuliza ndugu yake, sauti ikiwa imebadilika.

"Bado, mdogo wangu," alisema. "Endelea."