Bunduki ya Mzungu na Pofu wa Mkange

Niliondoka Bagamoyo kwa sababu ya njaa ya mama yangu, na nilichelewa kuondoka kwa sababu ya bunduki. Nayataja yote mawili mwanzoni kwa kuwa watu wa mtaa wetu wanapenda kusikia habari ya bunduki tu. Kila nikipita barazani naitwa: "Shomari, hebu njoo utuambie, hiyo ya ghali ina tofauti gani na gobori?" Basi leo nasimulia safari nzima, wanaotaka kununua waamue wenyewe.

Mwaka ule mvua zilikataa. Bagamoyo mchele ulikuwapo, uliletwa na vyombo kutoka Unguja, ila bei yake ilikuwa ya kumtoa mtu machozi. Mkange, anakokaa dada yangu Mwanahawa na mumewe, hata huo wa kulilia haukuwapo. Mama yetu alikuwa akiishi kwao. Wapita njia wakaniletea salamu za dada: mama hainuki tena kitandani, wanachimba mizizi ya porini, kama nina kitu nikipeleke upesi.

Nami kitu nilikuwa nacho. Nilikuwa nimerudi kutoka bara, nilikokwenda kama mnyapara wa wapagazi, na ujira wangu ulikuwa mzima. Rafiki yangu Kondo, ambaye amewinda kwa gobori tangu ujana wake, akaniambia, "Nunua mchele, tafuta punda, twende. Gobori ninalo mimi." Sisemi haya ili kumsifu. Kondo ni mtu wa kupiga domo. Kila mnyama aliyemkosa alikuwa mkubwa kuliko tembo, na nyama ya mwenzake huigawa yeye. Lakini siku ile alisema sawa, na sikumsikiliza kwa sababu ni Kondo.

Wakati huohuo alikuwapo mjini Mzungu mmoja msasi wa wanyama, amerudi kutoka bara na homa, anauza vitu vyake kabla ya kupanda meli. Alikuwa na bunduki ya kutilia risasi kwa nyuma, haina habari ya kushindilia baruti kwa fimbo ya mdeki kama gobori wala ya kulinda fataki za kuwashia baruti zisiloe. Pamoja nayo aliuza darubini ya shaba katika mfuko wa ngozi. Alinipeleka ufukoni, akaweka kidaka cha nazi juu ya kigingi, kisha tukatembea hata nikadhani ameghairi. Kwa macho kidaka kilikuwa nukta tu. Kwa darubini nilikiona hadi kikonyo chake. Nikalenga, nikafyatua, kikapasuka. Mzungu akanipiga begani akasema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Wewe msasi kweli kweli." Akanivika kilemba cha ukoka, nami nikakivaa na kutembea nacho mjini.

Nilijiambia kwamba mchele huisha lakini bunduki haiishi, na kwamba mama atakula nyama mwaka mzima. Ujira wote ukaenda. Sanduku la risasi lilikuwa limekwisha pelekwa forodhani pamoja na mizigo ya Mzungu, ikabidi ningoje hadi litolewe. Ningoje! Mama yangu anachimbiwa mizizi, mimi nipo forodhani napangusa kitako cha bunduki kwa mafuta ya nazi.

Asubuhi ya kuondoka tulivuka Ruvu kwa mtumbwi. Kondo aliketi mbele na gobori lake lililofungwa kwa kamba pale ubao ulipopasuka, na mwenye mtumbwi hakulitazama hata mara moja. Macho yake yote yalikuwa kwangu. "Hiyo bwana, ni ya vita?" akauliza. "Ni ya kitoweo," nikamjibu, na nilivyosema hivyo nilijiona mtu mkubwa.

Njia ya kwenda Kiwangwa ilikuwa vumbi tupu. Mihogo ilisimama mashambani imepukutika majani, na chini hakukuwa na kitu, mizizi watu walikwisha ifukua ingali michanga. Jioni ilipokaribia Kondo aliona paa vichakani. Akaniomba nikae kimya, jambo ambalo yeye mwenyewe haliwezi. Akaenda kwa tumbo, akasogea, akasogea, hata nikachoka kumtazama. Gobori likalia, moshi ukatanda, paa akaanguka na mguu uliovunjika, na kabla moshi haujaondoka Kondo alikuwa juu yake na kisu, "Bismillahi, Allahu akbar," damu ikaruka.

Kwa msomaji asiye wa pwani niseme jambo ambalo kwetu hakuna anayelisema, maana kila mtu analijua. Nyama isiyochinjwa kwetu ni kibudu, haramu, na waliotusomesha hawakubali kwamba risasi huchinja. Kwa hiyo msasi wetu hapigi ili kuua. Anapiga ili kuangusha, kisha anatimua mbio na kisu wakati roho ingali ndani. Nililijua hili tangu sijaota ndevu. Lakini kulijua ni jambo moja, na kulikumbuka mtu ukiwa na darubini shingoni ni jingine.

Usiku ule tulilala Kiwangwa kwa mkulima aliyetupokea vizuri kwa sababu ya yule paa. Nikamcheka Kondo: kutambaa kote kule kwa mnyama wa kuenea kikapuni! Mwenyeji wetu, huku akitafuna, aliipapasa bunduki yangu toka mdomo wa mtutu hadi kitako. "Hii ndiyo ya kuondoa njaa," akasema. Nililala usingizi mzuri sana.

Kuvuka Wami kulituchelewesha, viboko walikuwa wamejaa pale kivukoni. Tulipofika Mkange jua lilikuwa limeshapinda, na kijiji kilikuwa kimya, hakuna kinu kinachotwanga. Mwanahawa alitoka kunipokea, nikamjua kwa sauti tu. Nikapiga hodi chumbani kwa mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nilisema utakuja. Umeleta nini?"

"Nimeleta bunduki, mama. Ya Kizungu."

Akauliza, "Inaliwa na nini?"

Mama alikuwa na mzaha hata katika hali ile. Mwanahawa akacheka, kisha akatoka nje, nikasikia kwamba hacheki tena. Mchele niliobeba ulikuwa wa njiani tu, kitu cha vibaba. Wakampikia mama uji, akanywa, na siku ya pili yake hakikubaki hata cha kumpa kuku, kama kuku angekuwapo.

Asubuhi hiyo tulikwenda kuwinda. Shemeji yangu Kibwana, mume wa Mwanahawa, ndiye anayesomesha watoto Kurani pale kijijini na ndiye anayeswalisha. Ni mtu mpole, hana makuu, na amekonda kiasi kwamba kanzu yake ilikuwa kama imetundikwa. Alitupeleka kwenye kilima kinachotazama mbuga, na nyuma yetu wakaja watu wote walioweza kutembea, wanawake na vikapu vyao, wamejifunga vibwebwe kana kwamba nyama imekwisha patikana.

Pofu, yule swala mkubwa kuliko wote, alikuwa ng'ambo ya bonde la tope lisilokauka, dume, mkubwa kama ng'ombe wawili. Kondo akasema, "Ngoja. Nipe muda nizunguke, nifike karibu naye, ndipo upige." Nikamwambia aende. Akaenda na gobori lake mgongoni na kisu kiunoni. Mimi nikalala chini nikaweka shabaha. Na hapa nilifanya jambo ambalo hadi leo likinijia nauma meno: nilivua darubini nikampa shemeji, ili ashuhudie. Nilitaka mwalimu mzima aone kwa jicho lake kazi ya mkono wangu.

Pofu akainua kichwa. Nikaogopa atakimbia. Kondo alikuwa hajafika hata katikati ya tope. Nikasema bismillahi, nikafyatua.

Bunduki ile ni nzuri. Lazima niseme haki yake. Pofu hakukimbia, hakupiga magoti, hakujikokota. Alianguka papo hapo kama gunia lililotupwa toka begani. Vigelegele vikapanda. Kule bondeni Kondo alikuwa akihangaika, tope limemshika magotini, akaanguka kifudifudi na gobori lake na pembe yake ya baruti, akainuka, akaanguka tena. Alipofika kwa mnyama tulimwona kwa mbali ameinama. Kisha akasimama, akainua kisu juu, akapiga ukelele: "Nimemwahi! Yu halali!"

Wanawake walikwisha anza kuteremka. Shemeji hakuondoa darubini jichoni. Nilimwona anameza mate. Alipoiteremsha aliiteremsha polepole, kisha akasema, "Hakutupa hata mguu. Damu haikuruka. Alikuwa amekwisha kufa."

"Shemeji," nikamwambia kwa sauti ya chini, "toka hapa hadi kule mtu ataona nini?"

"Nisingekuwa na kitu hiki, nisingeona kitu. Ningemsadiki Kondo, nikala, na dhambi ingekuwa yake. Lakini umenipa, na nimeona."

Watu wakasimama. Kibwana hakuwa mtu mgumu, na dini haikumfanya mgumu. Akawaambia kwamba aliyefikishwa na njaa kwenye mlango wa kufa, huyo ameruhusiwa ale kibudu kiasi cha kuokoa roho yake. "Basi aliye katika hali hiyo asogee achukue, hakuna atakayemlaumu."

Nilidhani watasogea wote, na kila mmoja alikuwa akiziona mbavu za mwenzake. Mzee mmoja aliyepanda kilima kwa mkongojo akatazama kulia, akatazama kushoto, akasema, "Sisi tunapumua, alhamdulillahi," akageuka kurudi nyumbani. Wakamfuata. Kuomba chakula watu wale waliweza, kula mizizi waliweza, lakini kusogea mbele ya majirani na kusema mimi ndiye ninayekufa, hapana. Wanawake walivigeuza vikapu vyao midomo chini.

Kondo alirudi na tope hadi kwenye nyusi, akanitukana na mimi nikamtukana. Baruti yake yote ilikuwa uji.

Nilikata kipande cha paja nikakipeleka nyumbani. Shemeji mwenyewe aliniambia, "Mpelekee mama, hali yake inajulikana." Mwanahawa akachemsha mchuzi, nikaupuliza, nikamwinua mama kichwa. Akanusa. Macho yake yakachangamka, nikasema moyoni, sasa amepona.

"Kachinja nani?" akauliza. Ni swali la kila siku, kila mama wa pwani huliuliza.

"Kondo," nikasema.

Pengine ingetosha. Lakini Kibwana alikuwa amesimama mlangoni, na hakuweza kuacha mkwewe ale bila kujua. Akasema kwa upole kabisa, "Mama, kwa hali yako wewe imeruhusiwa."

Mama akamtazama, kisha akanitazama mimi. Alimsikiliza mkwewe akisomesha miaka mingi, alijua ruhusa hiyo ni ya nani.

"Kwani mimi nakufa?" akauliza.

Mwanahawa alikuwa anaukoroga mchuzi usiohitaji kukorogwa. Mama akageuza uso ukutani, akasema, "Ondoeni. Mimi bado."

Nilimwomba, nikamlilia, nikamkasirikia. Hakufungua mdomo tena mbele ya bakuli lile.

Pofu hakuharibika. Walipita wapagazi wa bara, watu wasio na dini yetu, wakaomba nyama nikawaambia wachukue. Waliwasha moto palepale mbugani, na upepo ukaileta harufu kijijini hadi jua lilipotua. Walikuwa watu wema. Walinishukuru, wakaniimbia, wakakata mkia wa pofu wakanipa kama heshima ya msasi. Sijapata kusifiwa namna ile maishani mwangu, na nilitamani kuwapiga risasi wote.

Siku zilizofuata nilitoka peke yangu. Nilijaribu kupiga miguu, lakini risasi ile haijui mguu, ilipasua mfupa na paja na mnyama akamaliza damu kabla sijafika. Kondo alianika baruti yake juani, na ilipokauka akaenda kwa tumbo kama kawaida yake, akarudi na paa begani, amechinjwa vizuri, damu imekauka shingoni. Alipita njia ya nyuma ya nyumba akipiga kelele za furaha. Akawakuta watu wanachonga mwanandani katika kaburi la mama.

Paa yule tulimla matangani. Kila mtu alipata kipande, na kila mtu alisema ni mtamu.

Kurudi nilirudi kwa njia ileile, Wami, Kiwangwa, Ruvu. Mwenyeji wetu wa Kiwangwa akauliza kama bunduki ilifanya kazi. Nikamwambia ilifanya. Mwenye mtumbwi naye akauliza, na huyo nilimlipa nauli yake tu. Kondo, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alitembea njia nzima bila kupiga domo, na hilo liliniumiza zaidi kuliko maneno ambayo angeweza kusema.

Basi ninyi wa barazani mnaotaka jibu, jibu ni hili. Ya ghali ni bora. Shabaha yake ni ya kweli, haili fataki, haiogopi umande, na kila alichokisema yule Mzungu kilikuwa kweli tupu, sina la kumdai. Darubini yake nayo inaonyesha kila kitu, hata kile ambacho watu wenye njaa wangepona kama kisingeonekana. Mkiniuliza inapiga umbali gani, nawaambia inapiga mahali ambapo kisu changu hakifiki. Mnacheka, mnadhani natania, kisha mnaomba niwaletee muishike.

Njooni muichukue kabisa. Imetundikwa ukutani pamoja na mkia wa pofu. Atakayeichukua simtaki kitu, ila anijibu lile swali aliloniuliza mama siku niliyofika, maana mimi limenishinda: inaliwa na nini?