Vyungu Arobaini na Pua Iliyogoma

Saa mbili asubuhi, Mama Jani amepiga magoti barazani kwake mbele ya vyungu arobaini, na anavitazama kama mwalimu wa zamu anavyotazama wanafunzi arobaini ambao kila mmoja ameapa kwamba si yeye.

Anachuma jani, analisugua kati ya vidole viwili, analipeleka puani. Anavuta pumzi. Anasubiri.

"Ni sawa na kunusa ukuta," anasema.

Mama Jani ana miaka arobaini na sita na anaishi kwa kuotesha na kuuza jeraniamu za majani yanayonukia. Maua yake ni madogo na hayana cha kuringia. Mali yote iko kwenye jani. Ukilisugua, la mche huu litanukia waridi, la ule limau, la mwingine mnanaa. Ni biashara ya pua mwanzo hadi mwisho. Na pua ya Mama Jani, baada ya utumishi uliotukuka wa miaka kumi na moja, ilistaafu miezi minne iliyopita kwa sababu ya mafua makali, bila barua wala karamu ya kuagana.

Siri hiyo alimwambia mtu mmoja tu: wifi yake, dada wa mumewe, mshonaji nguo anayekaa nyumba ya pili. Tangu hapo wifi ndiye pua. Kila Jumamosi anakuja, ananusa, anatamka "waridi" au "limau", na Mama Jani anaandika kwenye vibao vidogo anavyokata kutoka kwenye madumu ya plastiki.

"Watu wakijua, nani atanunua?" anauliza. "Wewe utanunua chumvi kwa mtu asiyesikia ladha?"

Jana alasiri ilinyesha mvua ya upepo. Mumewe, dereva wa lori aliyekuwa nyumbani kwa siku moja, aliona mkewe hayupo, akaamua kuonyesha mapenzi kwa vitendo. Alibeba vyungu vyote kutoka uani na kuvipanga barazani. Alivipanga vizuri sana, kwa urefu. Vibao vyote vilikuwa vimefutika wino kwa mvua, akavichomoa akavitupa kwenye ndoo, visilete uchafu.

"Alikuwa anatabasamu," Mama Jani anakumbuka. "Ningemfanya nini? Nilimshukuru, nikaenda bafuni nikalia."

Angeweza kumwomba anuse, lakini ingebidi aeleze kwa nini. Alfajiri lori likaondoka, na pua ya mume ikaondoka nalo.

Kwa kawaida hilo lingekuwa jambo la wifi na dakika ishirini. Saa mbili na robo wifi anaingia, kitambaa mkononi, macho yanachuruzika.

"Wifi, usiniambie," anasema Mama Jani.

"Nakuambia. Tangu jana jioni. Vitunguu nimevijua vimeungua kwa kusikia mlio."

"Leo? Mwaka mzima umekosa siku nyingine ya kuugua?"

"Nilikuwa nakutunzia hii."

Utani haudumu, kwa sababu saa nne anakuja mnunuzi. Ni mwalimu wa shule ya bweni ya watoto wasioona, na yeye mwenyewe haoni. Ameagiza vyungu ishirini vya waridi vya kupanga kando ya njia ya bwenini, na ishirini vya limau vya kuweka palipo na hatari, hasa juu ya ngazi kumi na moja za zege zinazoshuka uwanjani. Mtoto akisikia waridi, anatembea. Akisikia limau, anasimama na kutafuta chuma cha kushikilia. Waridi ikikaa juu ya ngazi, mtoto atatembea.

Siku ya kawaida Mama Jani huuza vyungu viwili au vitatu, kila kimoja kwa bei ya mikate minne. Oda hii ni sawa na mauzo ya wiki tatu, na imekuja baada ya ugonjwa wa kuoza shina kumwulia miche sitini. Hata hivyo, si hela iliyomkosesha usingizi.

"Kila nikifumba macho naona zile ngazi," anasema. "Na sijawahi hata kuziona."

Tatizo ni kwamba aina hizi mbili ni pacha. Majani yote yamechanika kama mkono wenye vidole vingi. Ingekuwa mnanaa, ambao jani lake ni nene na lina manyoya kama blanketi, asingeuchanganya hata usingizini. Lakini mnanaa hakuagizwa.

Kilichobaki ni vidole. Anafumba macho, anapapasa.

"La waridi ni laini kidogo. La limau linakwaruza, kama kidevu cha mtu aliyenyoa jana."

Kimoja kushoto, kimoja kulia. Wifi amesimama mbali, anahesabu na kupiga chafya. Saa nne kasoro dakika tano vimepangwa thelathini na vinane. Viwili vya mwisho vilizidishiwa mbolea. Majani yamekuwa mapana na malegevu, vidole havisemi kitu.

"Weka kimoja huku, kimoja huku," wifi ananong'ona. "Hesabu inatimia."

"Hesabu inatimia. Ngazi je?"

Nje, honi inalia. Mama Jani anaweka kimoja huku, kimoja huku.

Mwalimu anaingia na fimbo yake nyeupe, dereva wa shule nyuma yake. Anasalimia kwa upole, anapewa stuli, anaomba aanze na limau. Anasugua, ananusa, anasogeza. Anasugua, ananusa, anasogeza. Chungu cha kubahatisha ni cha tisa. Kwenye cha sita anasita.

"Mama, tangu nimefika umesugua majani mara nne. Sijakusikia ukivuta pumzi hata mara moja."

Wifi anafungua mdomo kuitetea familia. Inatoka chafya.

Mama Jani anainama, anachukua chungu cha tisa na kukiweka mikononi mwa mwalimu.

"Sisikii harufu, mwalimu. Mwezi wa nne huu. Hiki nimebahatisha."

Mwalimu ananusa. "Waridi."

"Basi mwenzake kule ni limau."

"Viwili kati ya arobaini," anasema mwalimu. "Darasani ningekupigia makofi. Kwenye ngazi, huyo ni mtoto."

Anasimama. Dereva anakwenda kufungua mlango wa gari. Wifi anapiga chafya nyingine, ndefu, na hapo Mama Jani anauliza swali ambalo anasema lilimtoka tu, bila ujanja wowote.

"Mwalimu, watoto wako hawapati mafua?"

Fimbo inatulia. "Wanapata. Akianza mmoja, bweni zima linafuata."

"Wiki hiyo nani anawaambia kuna ngazi?"

Mama Jani anazunguka nyuma ya nyumba na kurudi na chungu cha mnanaa. Anaushika mkono wa mwalimu, anauweka juu ya jani.

Mwalimu analipapasa. Ananusa. Kisha anabana pua yake kwa vidole viwili, kwa uzito wote wa cheo chake, na kulipapasa tena.

"Unavyo vingapi?"

"Sita."

"Juu ya ngazi nataka kumi na viwili, kwenye benchi refu, usawa wa mkono wa mtoto."

"Nipe wiki nane."

Mwalimu ananusa rundo la waridi pia, kisha anaondoka na waridi kumi na tisa na ile iliyokuwa imejificha kwenye limau. Limau zinabaki hadi kila chungu kinuswe na pua mbili nzima. "Na zisiwe za ukoo mmoja," anasema akiingia garini.

Mchana Mama Jani amekata vipandikizi kumi na vinane vya mnanaa na kuvilaza kivulini hadi kesho, jeraha likauke kabla ya kuchomekwa mchangani. Baadhi vitaoza, ndiyo maana hakukata sita tu. Anapanga kuwa na safu nzima ya mimea inayojulikana kwa mkono, na kumwambia mumewe ukweli lori likirudi.

Je, anaomba pua yake irudi?

"Irudi, karibu sana," anasema, akifuta kisu. "Ila itakuta kazi imeshapata mtu."