Mkwe Aliyewekwa Mlangoni

Tupokigwe alipofika Majengo, Mbeya, na mkungu wa ndizi kichwani, kitu cha kwanza alichokiona ni fimbo. Ilikuwa imeegemezwa kwenye mlango wa chumba cha mumewe, fimbo nyeusi yenye pete ya shaba, na Rungwe yote hapakuwa na mzee mwingine mwenye fimbo kama ile. Akageuka papo hapo, akajifunika khanga usoni, akateremka mtaroni nyuma ya nyumba huku mkungu ukimyumbisha.

Baba mkwe alikuwa ndani.

Kwa Wanyakyusa, mkamwana na baba wa mumewe hawaonani. Hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, na wakikaribia kukutana njiani mwanamke huingia migombani mpaka mzee apite. Hata jina lake halitaji. Mzee huyu aliitwa Saulo, na Tupokigwe tangu aolewe hakuwahi kulitamka. Mchungaji aliposoma habari za mfalme Sauli, yeye aliinamisha kichwa. Kanisani tu ndiko walikokaa chini ya paa moja, wanaume upande huu, wanawake upande ule, naye kwenye benchi la nyuma kabisa.

Asukile, mumewe, aliyajua haya yote. Ndiyo maana alimleta baba yake mjini.

Usiku ule Tupokigwe alilala kwa Lusia, mwanamke wa kwao Rungwe aliyeuza ndizi sokoni Mbeya. Lusia alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mama Andende, mzee yupo hapa tangu Pasaka! Chai ya maziwa, mkate wa siagi. Amenenepa kama yule ndama wa mwana mpotevu."

"Amekuja kufanya nini?"

"Kukaa mlangoni. Wenzio waume zao hufuga mbwa. Wako amemfuga mkweo."

Tupokigwe hakucheka. Safari yote kutoka nyumbani, juu ya lori la ndizi, alikuwa akikariri maneno ya kumwambia mumewe. Sasa hapakuwa na pa kuyasemea.

Asukile hakuzaliwa mwongo. Alilelewa misheni, mtoto wa mzee wa kanisa, na alipokuwa kijana ndiye aliyepiga kinanda cha kanisa, kile cha kukanyaga kwa miguu. Wasichana wa kwaya walimtazama vidole, si uso. Tupokigwe alikuwa mmoja wao. Walipooana akaenda Rodeshia ya Kaskazini, kwenye migodi ya shaba, kama walivyokwenda vijana wengi wa kwao. Huko, katika ukumbi wa wachimbaji, akakuta piano na santuri za Wamarekani weusi wanaoimba taabu zao polepole, kama mtu anayezungumza na ukuta. Muziki huo uliitwa bluzi. Aliporudi hakutaka tena tenzi. Mkono wa kushoto ulitembea kama mtu aliyechoka, wa kulia ulilia.

Harilal, mwenye duka la nguo Mbeya, alikuwa amenunua piano kwa Mzungu mmoja aliyefunga shamba lake na kurudi kwao. Akaiweka katika ukumbi nyuma ya duka, akamwajiri Asukile. Jumamosi alasiri makarani, madereva na wauguzi walijaa pale. Asukile alipanga chumba Majengo, akasema atamwita mkewe akishajipanga. Alijipanga miaka. Tupokigwe alilima, akamzaa Andende, akazika mama mkwe, akangoja. Watu wa nyumbani walianza kumwita mjane wa mtu aliye hai. Halafu Lusia akamletea habari: Harilal anafungua ukumbi Iringa, piano inahamia huko na mpigaji wake, na huko Iringa kuna mwimbaji wa kike wa Kihehe, Evarista, ambaye Asukile amekwenda mara mbili kumsikiliza.

Mwanamke ambaye mumewe yuko Mbeya anaweza kumfuata kwa lori la ndizi. Mumewe akihamia Iringa, ameachwa. Hilo ndilo lililompandisha Tupokigwe barabarani.

Jumamosi akaenda ukumbini. Mvua ilikuwa ikinyesha. Lusia alitangulia kuchungulia, akarudi akitikisa kichwa. "Mzee yumo. Amekalishwa kwenye kiti cha mikono, palepale mlangoni. Kila anayeingia anampa shikamoo."

"Nyuma je?"

"Nyuma kumefungwa kwa kufuli."

Basi akasimama nje, chini ya bati lililovuja, mgongo ukutani. Piano ikaanza. Aliijua mikono ile hata kama ingepiga mlango. Kisha sauti ya Asukile ikaimba Rungwe: ukungu wa asubuhi, migomba inayodondosha maji, na mke anayengoja, ee, mke wangu anayengoja, nitamwendea lini. Ndani mtu akalia kwa sauti. Mwingine akapiga kelele, "Rudia, mwana wa kwetu!"

Naye akarudia. Mke anayengoja alikuwa hatua chache tu, maji yakimtiririka shingoni, na aliyemzuia asiingie ni yule yule aliyekuwa akimlilia. Hapo Tupokigwe alielewa kuwa Asukile hamhitaji nyumbani mwake. Alimhitaji kwenye wimbo, naye kwenye wimbo lazima awe mbali.

"Mwulize mzee," akamwambia Lusia, "anajua mimi nipo hapa?"

Lusia akaingia, akainama sikioni mwa mzee, akatoka. "Anasema mwanawe alimwambia umekataa mji. Umesema huwezi kuacha migomba."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia, 'Tata, mkamwana wako analowa hapo nje.' Akasema, 'Mwambie asiingie, mimi nimekaa.'"

Tupokigwe akafuta maji usoni. "Rudia alivyosema."

"Asiingie, mimi nimekaa. Unataka niimbe?"

Hakuwa amemtukana. Alikuwa amesema sheria tu. Mzee amekaa kwanza, mkamwana hapiti. Lakini usiku, juu ya mkeka wa Lusia, Tupokigwe aliigeuza sheria ile kama mtu anayegeuza kiazi motoni, akaona ina upande wa pili. 

Jumatatu alfajiri lori la Harilal lilisimama mbele ya duka. Wapagazi walipandisha piano, wakaifunga kwa kamba na magunia. Asukile alikuwa amekwenda kumchukua baba yake, maana mzee naye alikuwa wa kwenda Iringa, kukaa kwenye mlango mwingine. Walipotokea kona ya barabara, mzee akitembea kwa fimbo, walimkuta Tupokigwe amekwishapanda. Amekaa nyuma ya lori, ameegemea piano, khanga imefunika uso wote.

Saulo alisimama kama aliyekanyaga moto. Akageuza uso, akajiziba kwa blanketi, akarudi nyuma ya kona.

"Shuka!" Asukile alifoka kwa sauti ya chini. "Humwoni mzee?"

"Simwoni. Nimejifunika."

"Atapandaje?"

"Hatapanda. Mimi nimekaa."

Wapagazi wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Bwana kinanda, leo umepigwa wewe!"

"Akae mbele na dereva," Asukile akasema, akimgeukia Harilal.

Kutoka nyuma ya kona ikaja sauti ya mzee, yenye hasira, nayo hasira haikuwa kwa mkamwana. "Gari ni moja, nalo ni kama nyumba, Asukile! Unataka niingie nyumba moja na mkeo, watu wa kwetu wanione? Uliniambia amekataa mji. Huyo anayekataa mji ndiye huyo?"

Asukile akamgeukia tena Harilal. Harilal alitazama mawingu. "Fundi, piano ikilowa imekufa. Mimi naondoka. Wewe panda au baki, sijui."

Lusia alikwisha kumshika mzee mkono, akimwelekeza kwenye malori ya ndizi yanayorudi kwao, Tukuyu. Asukile alimwangalia baba yake akienda, akaitazama piano. Hakumtazama mkewe. Lori liliponguruma akalikimbilia, akapanda, akakaa upande wa pili wa piano.

Walipita Igawa, ambako mvua haikuwa imefika. Vumbi likawafanya wote wawili kuwa weupe. Tupokigwe alifunua uso, akasikia vidole vya Asukile vikigongagonga ubao wa piano iliyofungwa, vikitafuta kitu. Hakuwa na hakika kama ameshinda au amejipakia tu na mizigo. Misonobari ya Mafinga ilipoanza kuonekana, Asukile akasema, bila kugeuka:

"Iringa utalala wapi?"

"Pale utakapolala wewe."

Vidole vikaacha kugonga. Tupokigwe akangoja aseme jambo, hata tusi. Asukile aliinama mbele, akaanza kuzitazama kamba zilizofunga piano kana kwamba zimelegea, nazo hazikulegea. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu atoke nyumbani, Tupokigwe akamkumbuka Evarista, akaanza kuiogopa Iringa.