Bibi Nje ya Kamba

Juzi, kwenye zahanati moja hapa Same, walikuwa wanapiga deki kwa klorini, nikashindwa kuingia na mwanangu. Harufu ile ilinirudisha kwenye hema la kipindupindu, kwenye uwanja wa shule yetu, tulikolazwa mimi na mama nilipokuwa mtoto.

Nilikuwa nimeanza kupata nguvu, lakini wauguzi hawakuniruhusu kutoka. Mama alilala kwenye kitanda cha turubai kilichotobolewa katikati, ndoo chini yake. Joto la humo lilikuwa kama la tanuri.

Alasiri hiyo bibi alishuka kutoka mlimani, mdogo wangu mchanga mgongoni. Nilikimbilia kamba iliyolizunguka hema, nikainamisha kichwa anishike utosini, kama tulivyolelewa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu." Mikono akaificha nyuma, chini ya mtoto, akasogea mbali.

"Bibi, nitoe humu!"

Akageuka, akaondoka. Niliamini kwamba ananionea kinyaa, na kwamba kati yangu na mdogo wangu ameshachagua wa kumchukua.

Nilirudi kwa mama nikilia. Akauliza kwa sauti iliyokauka, "Amekushika?"

"Hajanishika."

Mama akafumba macho. "Afadhali," akasema, na neno hilo nililichukia kuliko ile ndoo, mpaka nilipozaa wangu.